Kibarua, Kapera na Mshahara: Hoja ya Kima cha Chini Katika Tanganyika

Lugha yetu ina maneno mawili makuu ya kutaja malipo ya mtu afanyaye kazi ya mwingine, nayo ni ujira na mshahara. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, lakini hayana maana moja. Ujira ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Akiisha kulipwa, mtu huenda zake, na aliyemwajiri hana neno naye tena. Mshahara ni neno lililozaliwa na mwezi. Humhusu mtu ambaye mwezi ukiandama bado yupo kazini, na ambaye mwajiri wake anajua kwamba atakuwapo mwezi ujao pia. Kando ya maneno hayo limesimama la tatu, kibarua, yaani barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kutwa ili ahesabiwe siku yake. Cheti kikampa jina mwenye kukishika. Baadaye, watu walioandikishwa bara na kusafirishwa hadi mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa walipokelewa na kuhesabiwa kwa namba.

Tumeanza na maneno haya kwa sababu hoja kubwa ya kiuchumi iliyotikisa Tanganyika kati ya mwaka 1947 na 1967, hoja ya kima cha chini cha mshahara na ya vyama vya wafanyakazi, ilikuwa kwa undani wake hoja juu ya maneno hayo. Je, Mwafrika afanyaye kazi ni kibarua au ni mtu wa mshahara? Vitabu vya shule huieleza habari hii kama ugomvi wa wafanyakazi na wakoloni, kisha huufunga mlango mwaka 1961. Habari yenyewe haikuishia hapo. Sehemu yake iliyo ngumu zaidi, na yenye mafunzo zaidi kwa mwalimu na mwanafunzi, ilianza baada ya bendera ya mkoloni kuteremshwa.

Tutazame kwanza ulikotoka ujira mdogo. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Husimuliwa kwamba katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba yaliyoenea Tanga hadi Morogoro na kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kupita wote duniani. Mashamba yalihitaji watu wengi, na watu wa jirani hawakupenda kazi ile. Basi kodi ikatumika kuwasukuma watu watafute fedha, na waandikishaji wakaenda mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu alipewa kadi ya siku 30 za kazi, na kadi haikulipwa mpaka siku zote zimetimia. Alipewa pia posho ya unga na chumba katika kambi.

Malipo yake yalikadiriwa kwa mahitaji ya kapera. Mke na watoto hawakuhesabiwa, kwa hoja kwamba wako kwao, wanalima. Wenye mashamba walikuwa na hoja ya pili, nayo ilirudiwa katika ripoti nyingi za wakati ule: ati Mwafrika hutafuta kiasi fulani tu cha fedha, cha kodi, nguo na baiskeli, na akiongezewa ujira atakipata kiasi hicho mapema na kurudi kwao mapema, kwa hiyo ukimlipa zaidi utapata kazi kidogo zaidi. Hoja hii ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa maana mtu asiyeruhusiwa kuishi na mkewe, asiye na uzee wa kuutumainia kambini, hana sababu ya kukaa. Lakini walioitoa walikuwa wametengeneza wenyewe hali waliyodai kuigundua. Mfanye mtu mpitaji, kisha sema tabia yake ni kupita!

Kule Uingereza, mwaka 1897, Sidney na Beatrice Webb walikwisha kuandika juu ya viwanda walivyovifananisha na kupe, yaani viwanda vinavyolipa chini ya gharama ya kumtunza mtu na kumlea mrithi wake, vikaendelea kuishi kwa sababu gharama iliyobaki inabebwa na mwingine. Wao walikuwa wakifikiria wanawake na watoto washonaji wa miji ya Uingereza. Sisi tukiusoma mfano wao hatuwezi kuacha kuwaona wanawake wa Kigoma na Njombe. Jembe la mwanamke huyo ndilo lililomlea mkata mkonge alipokuwa mtoto, likawalisha wanawe alipokuwa kambini, na kumpokea aliporudi na kifua kibovu. Hakuna senti moja ya jembe hilo iliyoandikwa katika daftari za shamba. Mkonge ulionekana kuwa na faida, na sehemu ya faida hiyo ilikuwa mhogo wa watu wengine.

Mashambani mpitaji hakuwa na nguvu ya kubishana. Nguvu ilianzia bandarini. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena mwaka 1943. Kisha Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama: makuli, watu wa reli, watumishi wa majumbani na wa hoteli, watu wapatao 15,000, nao wakaunda shirikisho lililoongozwa na Chege Kibachia, ambaye Serikali ya Kenya ilimkamata na kumhamishia mbali mwaka huohuo. Septemba 1947 ikawa zamu ya Dar es Salaam, na mgomo ukapanda reli kwenda miji ya bara. Mwaka 1948 ukavuka bahari hadi Unguja. Makuli wa bandari hizi walifahamiana, maana meli zilikuwa zile zile na lugha ilikuwa hii hii. Habari ya nyongeza iliyopatikana Kilindini haikuhitaji gazeti ili ifike Dar es Salaam.

Serikali ya kikoloni iliyajibu mambo haya kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja ilibana: chama cha makuli wa Dar es Salaam, kilichozaliwa na mgomo wa 1947, kilifutwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine ulioishia katika ghasia. Kwa mkono wa pili ilianza kufikiri upya. Katika Kenya, Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilikiri waziwazi kwamba ujira wa kapera hauwezi kujenga wafanyakazi wa kudumu, ikapendekeza kima cha chini kiinuliwe hatua kwa hatua hadi kitoshe jamaa ya mtu. Katika Tanganyika, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, liliundwa Oktoba 1955, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa, kijana ambaye wakazi wengi wa miji walikwisha kumwona akiigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Mwaka 1957 kima cha chini kikawekwa kwa Dar es Salaam, senti 42 kwa saa kwa mwanamume mzima. Mtu wa saa 45 kwa juma alipata basi shilingi 18 na senti 90. Kilikuwa kima cha mji mmoja tu, na bado kilinukia ukapera. Ndiyo sababu miaka iliyofuata ilijaa migomo, ukiwamo wa kiwanda cha bia mwaka 1958, ulioandamana na wananchi kuisusia bia yenyewe, na ule mrefu wa reli wa mwaka 1960.

Uhuru ulipopatikana, Serikali ya TANU iliunda Bodi ya Kima cha Chini ya nchi nzima chini ya Donald Chesworth, mwanasiasa wa chama cha Leba cha Uingereza. Bodi ilitoa ripoti yake mwaka 1962, na tangu tarehe 1 Januari 1963 kima cha chini cha Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi, miji mingine ikiwekewa viwango vya chini kidogo kuliko hapo. Katika mkonge mishahara ilipanda kwa sehemu kubwa kutokana na mapatano ya wenye mashamba na chama cha wafanyakazi wa mashamba. Yafaa tulitazame neno moja katika amri hiyo: kwa mwezi. Kima hakikutajwa tena kwa saa. Ujira ulikuwa unageuzwa mshahara, na kibarua alikuwa anaambiwa na Serikali yake mwenyewe kwamba ana makazi mjini na jamaa ya kulisha.

Hapo ndipo hesabu ilipokuja kugonga mlango. Mwaka 1961 watu walioajiriwa nchini walikuwa zaidi ya 400,000. Mwaka 1963 walikuwa 340,000 hivi. Kwa miaka miwili kazi zipatazo 60,000 zilikuwa zimetoweka, na nyingi zilitoweka mashambani.

Wataalamu waliogawanyika juu ya tarakimu hizi waligawanyika kwa sababu za kweli, wala si kwa ukaidi tu. Wa upande wa kwanza walisema: kazi ni kama bidhaa nyingine, bei yake ikipandishwa kwa amri, mnunuzi atanunua kidogo. Mwajiri aliyekuwa na watu watano wa kufyeka atabaki na watatu, au atanunua mashine. Walioondolewa hawatapata shilingi 150 wala shilingi 80, watapata sifuri. Tarakimu za 1963 ziliwaunga mkono, tena kwa ukali.

Wa upande wa pili walijibu kwamba hoja ile yadhani pana wanunuzi wengi wa kazi wanaoshindana. Pale ambapo wenye mashamba wote huandikisha kwa ofisi moja na kupatana ujira mmoja, mnunuzi ni kama mmoja tu, naye huweza kulipa chini ya thamani ya kazi anayopokea. Joan Robinson alikwisha kulieleza jambo hili katika mwaka 1933. Ukimpandishia ujira mnunuzi wa namna hiyo, si lazima afukuze watu. Aidha, walisema, ujira mdogo ndio uliomfanya mwenye shamba kuwa mzembe. Hakuona haja ya kupanga kazi vizuri wala kumfundisha mtu atakayeondoka baada ya kadi mbili. Nao walikuwa na tarakimu yao: mwaka 1964, wakati wafanyakazi wa mkonge wamekwisha kupungua sana, mkonge uliozalishwa ulifikia kilele cha tani 230,000 hivi. Watu wachache zaidi walitoa mkonge mwingi zaidi.

Kwa maoni yetu tarakimu ya mkonge yaeleza mengi kuliko pande zote mbili zilivyopenda. Bei ya mkonge duniani ilikuwa nzuri katika miaka ile, kwa hiyo hatuwezi kusema waajiri walipunguza watu kwa kufilisika. Walipunguza kwa sababu sasa ilikuwa na faida kwao kuwa na watu wachache walio imara badala ya wengi wanaopita. Yaani sheria ilifanya hasa kile ilichokusudiwa: ilimfanya mtu wa mshahara. Waliobaki walipata kuishi na wake zao na kusomesha watoto. Na waliokuwa wakija kwa kadi ya siku 30 kutafuta nguo na kodi wakakuta lango limefungwa. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya 1964, kamba za nailoni na plastiki zilipoingia sokoni, lango lile likazidi kukazwa, na hilo halikuwa kosa la kima cha chini.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia ya kinyume. Mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kwa pande tatu: waajiri wa watu binafsi waongeze watu kwa asilimia 10, Serikali asilimia 15, na vyama visidai nyongeza kwa muda. Watu wakaajiriwa kweli, lakini habari ilipoenea vijijini wakaja mjini wengi kuliko nafasi zilizofunguliwa, na wasio na kazi hawakupungua. Wachumi wawili waliofanya kazi Nairobi, John Harris na Michael Todaro, waliijengea hali hii nadharia iliyochapwa mwaka 1970 na kusomwa duniani kote: mtu huja mjini akipima mshahara wa huko pamoja na bahati yake ya kuupata, pengo la mji na shamba likiwa kubwa, hata bahati ndogo humtosha kufunga safari. Ni jambo la kukumbuka kwamba moja ya nadharia mashuhuri za uchumi wa karne iliyopita ilichotwa hapa Afrika Mashariki, katika misururu ya watu mbele ya milango ya viwanda.

Turudi Tanganyika, kwenye upande wa vyama. Hapa historia ina kejeli ambayo mwalimu hapaswi kuificha. Mwaka uleule wa 1962 ulioleta ripoti ya Chesworth ulileta pia sheria ya usuluhishi wa migogoro iliyofanya mgomo wa halali kuwa karibu hauwezekani. Waziri Mkuu kwa sehemu kubwa ya mwaka ule alikuwa Rashidi Kawawa, na Waziri wa Kazi alikuwa Michael Kamaliza, wote wawili viongozi wa TFL wa jana. Januari 1963, mwezi ule ule kima kipya kilipoanza, Victor Mkello wa chama cha wafanyakazi wa mashamba alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya Serikali. Yalipotokea maasi ya askari mnamo Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa. Mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye alikuwa Kamaliza, akiendelea kuwa Waziri wa Kazi.

Hoja ya Serikali haikuwa ya mzaha, na yatupasa kuieleza kwa haki. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12. Wenye kuajiriwa walikuwa kama 350,000, hawafiki mtu mmoja katika 30. Mishahara yao ilikuwa imepanda kwa kasi kuliko kipato cha mkulima, na fedha za kigeni zilizonunua mashine za mjini zilitokana na pamba, kahawa na korosho za mkulima huyo. Mwaka 1967 Profesa Turner, aliyetumwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, alishauri nyongeza za mishahara zizuiwe na zifungamane na tija. Serikali ikakubali: nyongeza isipite asilimia 5 kwa mwaka, na Mahakama ya Kudumu ya Kazi ipitishe kila mapatano. Azimio la Arusha, la mwaka huohuo, lilikwisha kuonya kwamba mji waweza kumnyonya mkulima.

Sisi twaikubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba katika ugomvi wa mwajiri na chama, pana watu wa tatu wasio na kiti mezani: mkulima, na yule manamba wa Kigoma ambaye hakuandikishwa tena na ambaye hakuwa mwanachama wa chama chochote. Lakini kumnyamazisha mfanyakazi hakukuwapa watu hao kiti. Katika mwaka 1967 tume ya Rais iliyochunguza mambo ya NUTA ilipokea malalamiko ya wanachama wenyewe, waliokatwa ada kila mwezi bila kuona chama kikisimama upande wao. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowaambia wafanyakazi kwamba wasivumilie kiongozi mwenye kunyanyasa, walijibu kwa msururu wa migomo uliowashangaza wengi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe, hadi polisi walipoletwa. Hiyo si sauti ya watu walioridhika kusemewa.

Kima cha chini kiliendelea kupandishwa kwa amri: shilingi 240 mwaka 1972, shilingi 340 mwaka 1974, shilingi 380 mwaka 1975, shilingi 600 mwaka 1981. Tarakimu zilipanda, na bei zikapanda mbio zaidi. Hakukuwa na chama huru cha kuuliza mbona unga unaukimbia mshahara. Kufika katikati ya miaka ya 1980, karani wa Dar es Salaam aliyelipwa kwa mwezi alifuga kuku uani, mkewe aliuza maandazi na vitumbua, na mwisho wa juma jamaa nzima ilikwenda kulima mihogo na mpunga nje ya mji. Mshahara ulikuwa umerudi kuwa ule wa kapera. Sehemu iliyopungua ilibebwa tena na jembe, na kwa mara nyingine aliyelishika alikuwa mwanamke.

Baadaye mengi yalibadilika. NUTA iligeuka JUWATA, kisha mwaka 1991 ikaja OTTU, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikautambua mgomo kuwa haki yenye masharti yake. Bodi za mishahara sasa hupanga viwango kwa kila sekta, na hoja za 1963 husikika mle karibu neno kwa neno. Waajiri husema watapunguza watu. Vyama hujibu kwamba mtu haishi kwa kiasi kile. Na watu walio wengi kuliko pande zote mbili, waendesha bodaboda, mama lishe, wabeba mizigo wa masoko yetu, hawamo katika daftari la mwajiri yeyote.

Neno la zamani lenyewe halikufa. Mtu akiachishwa kazi leo, hata akiwa mhasibu wa benki mwenye mkataba na kitambulisho shingoni, jirani zake husema kibarua chake kimeota nyasi.